Vipande Tisa vya Tumbaku ya Ijumbi

Kwako Tata, baba mkwe wangu, mkaguzi wa kahawa uliyelala kaburini, kwenye migomba ya kibanja chako Ijumbi,

Habari za huko sikuulizi. Najua kama kuna foleni ya kuingia, wewe umeshaanza kuwakagua waliosimama. Sisi huku wazima. Kemilembe binti yako mzima, na bado ananigombeza kwa sauti yako. Wajukuu wamerefuka, mkubwa anavaa viatu vyangu bila ruhusa. Lori limelala gereji wiki hii, nami nimekaa mezani hapa Bilele na kalamu mkononi kama katibu tarafa.

Barua hii naiandika wazi, kila mwenye macho aisome, na sababu ninayo. Mambo yetu nilijisifia hadharani: gereji, sokoni, kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, hata nje ya kanisa watu wakiwa bado wameshika vitabu vya nyimbo. Sasa kuna jambo moja la kusahihisha, na ni haki lipite kulekule zilikopita sifa. Ila kwanza niache nijisifu kidogo. Unanifahamu, nisipojisifu kichwa kinauma.

Tata, hakuna mtu mwingine Bukoba hii, wala Muleba, aliyeifuata tumbaku moja ya kiko kwa miaka tisa, tangu ikiwa kali ya kumliza mwanaume mpaka ilipozeeka, akaandika kila mwaka imefika wapi. Na mimi nimetembea. Nimekunywa chai Kigali, Kampala naijua kwa vichochoro, Bujumbura nilikwama siku nne kwa ajili ya tairi, Mombasa nimeona meli ndefu kuliko kijiji. Kote huko nikikuta mzee ana kiko, namuuliza, "Hii ina umri gani? Mwaka jana ilikuwaje?" Wananitazama kama nimeulizia umri wa moshi. Wanavuta tu. Daftari liko kwetu peke yetu.

Na lilianzia kwenye aibu, tusifiche.

Siku ile nilikuja kwako na mjomba wangu kama mshenga, nimevaa suruali ya kitambaa inayobana, na mkononi nina mkebe wa tumbaku ya Kizungu niliyoinunua Kampala, una picha ya farasi. Kabla sijakaa vizuri nikaropoka, "Mzee, hii imewekwa miaka kumi na miwili ndipo ikauzwa." Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Niliitunga palepale, kati ya mlango wako na kiti. Ukafungua kifuniko, ukasogeza pua mara moja tu, ukafunga.

"Hii imetiwa vanila," ukasema. "Vanila tunalima wenyewe hapa. Humu hakuna umri, kuna manukato."

Mjomba akakohoa bila kuwa na kikohozi. Ukanitazama kuanzia viatu.

"Wewe na mkebe wako mmefanana. Harufu imefika, mtu mwenyewe hajafika."

Jikoni kikasikika kicheko cha mwanamke. Ndiyo siku niliyomfahamu mama mkwe wangu. Kwa adabu ya kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo mpaka leo namjua kwa sauti, kwa kisogo, na kwa kicheko kile kinachopita ukutani.

Mjomba akajikaza. "Sasa binti, Mzee?"

"Binti ana mdomo wake na amesema anamtaka. Simzuii. Lakini neno la huyu sijalipokea."

Asiyekujua hawezi kuelewa sentensi ile ilivyonikaa kifuani. Wewe ulikagua kahawa kwenye chama cha msingi cha wakulima tangu ukiwa na nywele nyeusi. Mkulima akileta gunia unalifungua, mkono unazama mpaka kiwiko, unatoa punje za chini kabisa, unanusa, unang'ata. "Hii ilinyeshewa juzi ukaianika juu ya bati." Mtu anaangalia chini, maana ni kweli na mke wake tu ndiye aliyejua. Uliniambia baadaye kwamba katika kazi yako yote ni watu wawili tu ambao magunia yao hukuyafungua. Yalifika, ukapima uzito, yakapita. Hukuwataja kwa jina hata nilipokubembeleza kwa nyama choma. Ukasema tu, "Gunia la mtu yule halifunguliwi," kwa sauti ambayo wengine huitumia wakimtaja askofu.

Nikatoka kwako na mke, lakini bila neno langu kupokelewa.

Msimu wa kwanza wa senene, panzi wetu wa kukaanga, ulipofika baada ya harusi, ukaniita. Ukapanda kwenye kigoda, ukatoa juu ya jiko kitu cheusi kilichofungwa kwa maganda makavu ya mgomba. Tumbaku yako mwenyewe, uliyoipanda nyuma ya zizi, ukaikausha kivulini, ukaifunika ikatoka jasho, ukaisokota ikawa kamba nene kama mkono wa mtoto. Ukaikata vipande tisa. Kila kimoja ukakifunga peke yake kama unafunga zawadi.

"Ulisema umesoma mpaka kidato cha nne."

"Ndiyo, Tata."

"Nshomile!" Yaani msomi, na ulivyolitamka, neno lenyewe lilikuwa linacheka. "Basi utaandika. Kila senene zikija, uje. Tutavuta kipande kimoja, tuone tumbaku inakwenda wapi. Na wewe nikuone unakwenda wapi. Vikiisha vyote tisa nitakuambia kama neno lako nalipokea."

Ukanipa daftari la mistari. Tukavuta kipande cha kwanza. Ukanifundisha: kwanza tafuna punje mbili tatu za kahawa mdomo usafike, vuta taratibu kama unaonja uji wa moto, usimeze, na moshi utokee puani maana ulimi unajua mambo machache sana. Nikavuta. Machozi yakanitoka mpaka shingoni. Nikashika kalamu, nikaandika, nikafuta, nikaandika.

"Kidato cha nne cha wapi kinachoandika polepole namna hii?"

Kuku akapita.

"Cha pili, Tata. Nilitoroka nikawa utingo."

Hukukasirika. Ulitabasamu upande mmoja. "Haya. Tumepata punje ya kwanza nzima. Umeandika nini?"

"Nimeandika, 'Ni tamu.'"

"Futa. Kwanza ni uongo, unalia. Pili, tamu si neno. Tamu kama nini? Kali kama nini? Mkulima akiniambia kahawa yake nzuri namwambia nzuri ni jina la ng'ombe, nionyeshe punje."

Mstari wa kwanza wa daftari letu ni huu basi, kwa mwandiko wangu wa utingo: "Mwaka wa kwanza. Inakwaruza koo kama moshi wa kuni mbichi. Mkwe amelia." Hayo maneno mawili ya mwisho uliyadai wewe.

Mwaka wa pili ukali ulikuwa umekaa chini kidogo. Ulisema inanukia nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, nikabisha, nikavuta tena, nikakubali. Mwaka wa tatu nilikuwa wa kwanza kusema: maganda ya kahawa yakiwa juani saa nane mchana. Ulipuliza moshi, kisha ukasema, "Endelea kuwa na pua." Tata, sifa ile niliisafirisha mpaka Kigali na kurudi. Mwaka wa nne ndio ulikuwa wetu. Tuliangaliana kwa wakati mmoja, wote tumejua, ukanipa ishara nitangulie, nikasema, "Ndizi za rubisi. Siku ya tatu shimoni, unapofukua majani mvuke ukakupiga usoni." Ukapiga goti lako kwa kiganja. Tumbaku ileile moja, mmea uleule, bila kuongezwa kitu, ilikuwa imetoka kwenye kuni mbichi ikafika kwenye ndizi mbivu kwa kukaa tu kimya juu ya jiko. Nikasema utani, "Kumbe kunyamaza kunafaa." Mama mkwe akajibu kutoka jikoni, "Jaribu na wewe."

Kisha ikaja ile homa iliyokulaza wiki tatu. Ulipona, ukakonda, ukarudi kwenye kiti chako. Na senene zilipokuja, kipande cha tano kikiwa kwenye kiko, ulivuta, ukanipa, ukasema, "Anza wewe."

Nikaanza. Nikasema asali nyeusi, ile ya chini ya mzinga, yenye uchungu kidogo mwishoni. Ukaitikia kwa kichwa taratibu. "Asali nyeusi. Andika hivyo."

Mwaka wa sita, "Anza wewe." Nikasema ngozi ya mkoba wa zamani, na juu yake asali ileile imebaki kidogo. "Andika hivyo."

Usinilaumu kwa nilivyovimba. Nilirudi Bilele nikawaambia mafundi gereji kwamba mkaguzi mkubwa wa Ijumbi, aliyewatetemesha wakulima wa tarafa nzima, sasa anasubiri ulimi wangu. Kemilembe alikuwa akitandika kitanda nilipomweleza. Akasema, "Wewe ukiambiwa uandike jina la kijiji utaandika jina lako." Nikamwambia wivu. Nikaenda kueleza tena kwa majirani.

Sasa tufike kwenye mwaka wa saba, ndio ulioniketisha hapa.

Nilitoka safari nimenyeshewa njia nzima, nikafika kwako na mafua ambayo hata ng'ombe angeyaonea huruma. Pua imeziba kama chupa ya soda. Ungeniwekea samaki aliyeoza chini ya kidevu ningesema karibu. Ningeweza kukwambia, "Tata, leo sina pua, tungoje wiki ijayo." Maneno sita saba tu. Lakini nilikuwa nimeshajitangaza. Mwenye ulimi wa Ijumbi nzima aseme hasikii kitu? Ukavuta. Ukanipa. "Anza wewe." Nikavuta, nikasikia joto tu, kama kuvuta bomba la lori. Nikafumba macho, nikainua kidevu, nikasema:

"Maua ya kahawa. Asubuhi yanapofunguka, kibanja kizima kimekuwa cheupe."

Ukakigeuza kiko mkononi. Kisha ukasema polepole, "Maua ya kahawa. Andika hivyo."

Nikaandika. Na unajua nilifikiri nini nikirudi? Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi niliwaza kwamba kipaji changu kimekuwa kikubwa hata hakihitaji pua. Mstari ule ndio niliousoma kwa sauti kila mahali. Kuna fundi wa matairi hapa Bilele anaujua kwa moyo.

Mwaka wa nane nilikuwa na pua nzima. Nikasema asali imeondoka, imebaki mbao za sanduku la nguo. "Andika hivyo." Ulikuwa umechoka, ulilishika goti langu badala ya lako. Masika yalipofika ukaondoka, na kipande cha tisa kikabaki juu ya jiko, na jibu langu likaondoka na wewe. Ndivyo nilivyofikiri.

Siku tulipoanua matanga, nilikaa kwenye kiti kilicho karibu na ukuta wa jiko. Mama mkwe akaongea kutoka upande wa pili.

"Mkwe. Kile cha tisa kipo."

"Mae, atakionja nani? Mwenye ulimi ameondoka."

Nikasikia anaweka sufuria chini.

"Ulimi gani? Mzee tangu ile homa hakusikia harufu wala ladha. Hata chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia mchuzi umeungua. Hakutaka mtu ajue, mkaguzi mzima asiyesikia harufu ya kahawa yake."

Tata, nilishikilia kiti.

"Sasa yale ya daftari?"

"Ukiondoka alikuwa ananieleza. Mwaka huu ni asali nyeusi, mwaka huu ni ngozi. Anafurahi kama amevuta mwenyewe. Nikamuuliza, 'Na ukidanganywa? Yule si ndiye wa mkebe?' Akasema, 'Huyu gunia lake halifunguliwi.'"

Watu waliokuwepo wanasema nililia kwa ajili ya msiba. Ni kweli nusu. Miaka yote nilikuwa nangojea uniambie, na wewe ulikuwa umeshasema, tena kwa vitendo, misimu minne mfululizo. Mtu aliyezamisha mkono mpaka kiwiko katika magunia ya watu wote alikaa mbele yangu bila pua, bila ulimi, akapokea nilichosema kikiwa kimefungwa. Mimi! Mtoro wa kidato cha pili, mwenye mkebe wa farasi! Nipeni mtu mwingine Bukoba aliyepewa cheo hicho, nimnunulie soda mpaka aombe msamaha.

Ila ndani ya gunia hilo, chini kabisa, yalikuwepo maua ya kahawa.

Nilitembea nayo miezi. Fundi wa matairi akinisomea mstari ule kwa furaha, namwambia kaza boliti. Kemilembe nilimweleza yote, nikingoja anicheke. Hakunicheka. Alisema, "Mwambie mama kabla ya kuvuta cha tisa. Ukivuta kwanza, hata hicho kitakuwa cha uongo." Nimekwambia ana sauti yako.

Senene zilipokuja msimu huu nikaenda Ijumbi. Kiti chako hakijakaliwa. Nilikaa kwenye changu. Mama mkwe alikuwa ameweka kiko chako na kipande cha tisa juu ya kigoda mlangoni, akarudi jikoni. Sahani ya senene ilikuwepo pia, za kukaangwa, kwa hiyo nilijua hajanikasirikia bado.

"Mae," nikasema, "kabla sijawasha. Mwaka wa saba sikusikia chochote. Nilikuwa na mafua. Maua ya kahawa nilitunga."

Kile kicheko, kilekile cha siku ya mkebe, kikapita ukutani.

"Waitu! Mwaka ule ulipiga chafya mpaka kuku wakahama uwanja. Mzee alikosa pua, masikio alikuwa nayo."

"Alijua?"

"Ulipoondoka tu alicheka mpaka nikamletea maji. Akasema, 'Kaniletea maua, angalau kaniletea kitu kizuri.'"

"Na gunia langu, Mae? Aliposema halifunguliwi ilikuwa kabla au baada?"

Hapo ndipo nilipojua jibu langu liko wapi. Alichukua muda. Nadhani alikuwa anakumbuka vizuri, asije akanipa cha kunifurahisha.

"Baada. Ulipokuja ule wa nane. Nilimwambia, 'Lakini mwaka jana alikudanganya.' Akasema, 'Wale wawili wangu nao walikuwa na punje nyeusi moja moja. Nilijua. Gunia lisilo na punje nyeusi hata moja ni la mtu aliyezichagua ili nizione.' Akasema utakuja kuitoa punje yako nyeusi mwenyewe. Mimi nilisema hutakuja. Umenishinda, kula senene zako."

Nimekula, Tata. Nimetafuna kahawa tatu, nikanywa maji, nikakata kipande cha tisa kwa kisu chako, nikajaza kiko bila kukandamiza. Nikavuta taratibu, moshi nikautoa puani. Nilitaka sana iwe kitu kikubwa. Nilikuwa na maneno tayari tangu njiani, ya kuwasimamisha watu gereji. Nikavuta tena. Nikayaacha yale maneno.

Kemilembe amesema niache kiko sasa, daftari limeisha, na kifua changu si cha lori. Nimekubali. Nikajaribu kumwambia nimekubali kishujaa, akaondoka chumbani.

Mstari wa saba nimeukata, juu yake nimeandika: "Mkwe alikuwa na mafua. Hakusikia kitu." Na chini ya mwaka wa nane, mbele ya mama mkwe aliyekuwa amenigeuzia kisogo mlangoni, nimeandika wa mwisho, nikausoma kwa sauti ili upite ukutani na ufike ulipo:

"Mwaka wa tisa. Ukali umekwisha wote. Asali nayo imekwisha. Haikuharibika, imechoka. Imebaki harufu ya jiko asubuhi, majivu yakiwa bado na joto. Mwaka wa nne ulikuwa bora kuliko huu. Nimevuta mwenyewe, pua nzima."

Lala, Tata. Gunia langu ndilo hili: pima uzito, lipitishe.

Ni mimi mkwe wako wa Bilele,
mume wa Kemilembe,
yule wa mkebe, aliyefika.